Baba alifariki kwa kansa ya utumbo, mimi nimeacha nyama kabisa. Inatosha au bado niko hatarini?

Kijana wa Nkuhungu
Wakuu habari za jioni. Naombeni mnisome hadi mwisho maana nina mawazo mengi. Ni mkazi wa hapa Dodoma, Nkuhungu, miaka 36, nina mke na watoto wawili, kazi yangu fundi aluminiamu, madirisha na milango, na mnajua mji ulivyopamba moto tangu serikali ihamie kwahiyo kazi zipo tunashukuru.

Ishu yangu ni hii. Baba alifariki kwa kansa ya utumbo mpana. Na mimi nilikuwa mla nyama hasa, kila Jumamosi lazima niwe mnadani Msalato na washkaji tunachoma mbavu na kunywa bia mpaka giza linaingia, katikati ya wiki asubuhi chai na soseji, jioni chipsi na soda. Miezi miwili iliyopita nikasoma kwamba vyakula vya hivyo vinafanya mwili uwake ndani kwa ndani, hiyo wanayoita inflamesheni, na kansa ya utumbo inapata pa kuanzia. Nikaacha vyote siku hiyo hiyo. Sasa ni ugali wa mtama, mlenda, maharage, matunda basi.

Swali langu, mtu ambaye baba yake alikufa na ugonjwa huu akibadilisha chakula namna hii, ile ya kurithi inakufa? Au damu ni damu tu hata ule majani? Kejeli hapana tafadhali, silali vizuri.

Mzee wa Mnada
Mbukwenyi kijana wangu. Mimi nauza mbuzi hapo hapo Msalato mwaka wa 14 huu, nakuambia babu yangu mzaa mama alikula nyama mpaka anafikisha miaka 91 na alikufa kwa kuanguka kwenye mti wa ubuyu. Nyama haina shida, shida ni hizi soseji zenu na mafuta ya chipsi yaliyokaangiwa wiki nzima. Rudi mnadani utuungishe, Jumamosi nina beberu nimemtoa Kongwa nyama yake haina harufu kabisa.

Mama Zabibu
Pole mwanangu. Nikuambie, mama yangu mzazi alisumbuliwa na tumbo miaka 3 tukajua kansa, tumeuza ng'ombe wawili, kumbe vidonda vya tumbo tu, kapewa dawa kapona na sasa hivi ninavyoandika yuko shambani Hombolo anapogoa mizabibu. Kwahiyo usijitie hofu. Mume wangu naye nimemwambia aache kiti moto, hasikii, ananijibu kila mtu na siku yake. Wanaume mna masikio ya kufungia kofia tu.

Maabara77
Mleta mada umeweka chakula upande huu na damu upande ule kama Simba na Yanga. Hawa wanacheza timu moja. Wewe ni fundi nitaongea kwa lugha ya saiti.

Ukuta wa ndani wa utumbo unabomolewa na kujengwa upya kila baada ya siku 4 au 5. Kila tofali jipya linanakiliwa kutoka la zamani na kwenye kunakili makosa yanatokea, hayaepukiki, ndio maana mwili umeweka msimamizi anayepita kukagua na kung'oa lililokaa vibaya. Nyama iliyoungua kwenye mkaa ina kemikali zinazoongeza makosa. Zile chumvi za kuhifadhia soseji nazo pia. Na mwili ukiwaka ndani kwa ndani ukuta unaumia, unajengwa haraka haraka, na wewe unajua kazi ya haraka inavyokuwa.

Sasa vinasaba vinaingia hapa. Huyo msimamizi kila mtu anazaliwa na nakala zake mbili, moja ya baba moja ya mama. Kuna watu wanarithi moja mbovu, wanabaki na moja. Hiyo moja nayo ikiharibika kwenye tofali fulani, pale hakuna tena anayekagua. Kwahiyo mtu huyo hata akila vizuri makosa machache yanayotokea hayarekebishwi, na akila vibaya ndio anamwaga petroli.

Na namba zisikutishe bila sababu. Mwaka 2015 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani waliweka nyama za kusindika kwenye kundi la kwanza la visababishi vya kansa, na nyama nyekundu kwenye kundi la pili, la "huenda". Walisema gramu 50 za nyama ya kusindika kila siku, hapo ni kama soseji moja, zinapandisha hatari kwa 18%. Watu wakasikia watu 18 kati ya 100 watapata, sio hivyo. Huko Marekani karibu watu 4 kati ya 100 hupata kansa hii maishani, ukipandisha kwa 18% wanakaribia 5. Kuwa na mzazi aliyeugua peke yake kunafanya iwe kama mara mbili. Unaona uzito ulipo.

Mtoto wa Makole
Huyu Maabara77 aanzishe chuo nitakuja kusoma. Sasa mlenda unasaidia au hausaidii maana mimi naupenda mpaka naota

Maabara77
Unasaidia, na sio mlenda tu. Wale bakteria wa utumboni wakipata nyuzinyuzi, za mtama, uwele, maharage, mboga, wanatengeneza kitu kinaitwa butireti, na hicho ndio chakula cha zile seli za ukuta wa utumbo na kinatuliza ule moto. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Ireland aliyefanya kazi miaka mingi Uganda, aliliona hili kitambo, mwaka 1971 akaandika kwamba Waafrika wa vijijini hawapati kansa ya utumbo kama Wazungu na akahusisha na nyuzinyuzi. Halafu 2015 ukatoka utafiti mmoja mtamu, Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa kijijini Afrika Kusini wakabadilishana chakula wiki 2. Wamarekani wakala vya kijijini, wa kijijini wakapewa baga na chipsi. Wiki mbili tu! Wakiingiza kamera kuangalia, kuta za utumbo za Wamarekani zilikuwa zimetulia na butireti imepanda, za wale wengine zimeanza kuwaka.

Upo mwingine wa 2018, watu zaidi ya laki moja na elfu ishirini Marekani waliofuatiliwa hadi miaka 26. Wanaume ambao chakula chao kinawasha mwili kuliko wenzao walikuwa na hatari juu kwa 44%, wanawake 22%. Waliokula majani ya kijani na kunywa chai na kahawa walikaa upande wa kutuliza.

Na kiporo cha ugali msikidharau, wanga ukipoa unabadilika, sehemu yake haimeng'enywi juu, inashuka mpaka kwa hao bakteria. Ila ugali wa sembe nyeupe pumba zote zimebaki mashineni, kula dona.

Nesi wa Zamu
Nimesoma kimya kimya kuanzia mwanzo. Kaka Nkuhungu, mimi niko wodini miaka mingi naomba nikuulize kama ningekuwa nimekukalisha kitandani. Baba alikuwa na miaka mingapi alipougua? Kuna ndugu mwingine wa damu aliyepata kansa, yoyote ile? Na wewe choo chako kikoje?

Na la mwisho. Baba amefariki, sijui lini, lakini unaonekana umekaa na hilo muda mrefu na unakula nyama yako vizuri tu. Miezi miwili iliyopita kulitokea nini mpaka ukaenda kusoma?

Kijana wa Nkuhungu
Asante dada. Baba alifariki 2004 akiwa na miaka 43. Ndugu wengine sina uhakika. Hakikutokea kitu, nilisoma tu. Choo ni cha kawaida.

Maabara77 nashukuru sana umenipa moyo, kwahiyo nikiendelea hivi na chakula niko vizuri.

Nesi wa Zamu
Maabara hajasema hivyo, soma tena. Amesema chakula kinapunguza makosa, hakimrudishi msimamizi. Na miaka 43 ni mdogo sana kwa kansa hii kaka, hiyo peke yake inatosha kukupeleka hospitali. Utaratibu ni kwamba mtoto wa aliyeugua anaanza kuchunguzwa utumbo, kwa kamera inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, akifika miaka 40 au miaka 10 kabla ya umri aliougulia mzazi, ile inayotangulia. 43 toa 10 ni 33. Wewe una 36.

Narudia swali, choo ni cha kawaida kweli?

Kijana wa Nkuhungu
Kuna damu kidogo. Sio kila siku. Tangu kama Februari mwaka huu hadi sasa, miezi mitano. Lakini nilienda dispensari moja mtaani wakaniambia bawasiri, wakanipa dawa ya kupaka, ikakata wiki mbili hivi ikarudi. Ndio nikaanza kusoma soma.

Sikuandika mwanzo kwa sababu nilijua mtaanza kunitisha na swali langu lilikuwa la chakula. Na tayari nimeshachukua hatua jamani, msinione sijali. Kuna dawa ya asili ya kusafisha utumbo ya siku 90 nimelipia 280,000, niko siku ya 31. Nimepungua kilo 7, tumbo limelala, najisikia mwepesi. Sasa mtu anayepona si ndio anakuwa hivyo?

Mama Zabibu
Miezi mitano mwanangu! Na mkeo anajua?

Kijana wa Nkuhungu
Anajua nimeacha nyama.

Mtumishi Asiyechoka
Mleta mada magonjwa mengine yanakuja kutukumbusha. Umesema mwenyewe bia, nyama, washkaji kila Jumamosi, Jumapili unaamka saa ngapi kwenda ibadani? Tubu kwanza, halafu mwili utafuata. Kuna dada kanisani kwetu Chang'ombe alikuwa na uvimbe, tumefunga siku 7 ukayeyuka.

Fundi Bomba Ihumwa
Mtumishi watu wanatoa damu wewe unaleta ratiba ya ibada. Tumwombee na aende hospitali, vyote vinawezekana siku moja.

Nesi wa Zamu
Kaka nakusihi, nisikilize vizuri. Bawasiri inatoa damu ndio, na kansa inatoa damu, na amiba na kichocho cha tumbo pia vinatoa. Kwa kuangalia tishu uliyojifutia hakuna mtu hapa duniani anaweza kuzitenganisha. Pale dispensari walikuangalia? Walivaa glavu wakakupima kwa kidole?

Kijana wa Nkuhungu
Hapana, niliwaeleza tu wakaandika.

Nesi wa Zamu
Basi hujapimwa. Na kilo 7 kwa mwezi na kitu sio sifa. Huenda ni kwa sababu umeacha bia na chipsi, huenda siyo, na hapo ndipo hofu yangu ilipo, chakula chako kipya kinaficha dalili. Unaona unapungua unafurahi.

Tiba Asili Kanda ya Kati
Mkuu usiogope mikasi ya hospitali. Dawa za kusafisha utumbo zipo za aina nyingi, hiyo uliyouziwa ni dhaifu. Njoo inbox nikupe iliyokamilika, tunatuma hadi mkoani.

Kibuyu Kikavu
Haya si ndio niliyokuwa nayasubiri. Wakuu kuna watu mnalia humu na mtu anawanywesha CHAI. Angalieni mtiririko, kwanza hofu, halafu anataja dawa ya asili na bei yake, halafu anakuja mwenye dawa. Nyuzi za namna hii nimeziona nyingi, baada ya komenti 40 mleta mada anasema "nimepona" na namba ya simu chini.

Lakini mimi sisemi bila ushahidi. Nimepitia nyuzi zake za zamani. Mwaka jana alianzisha uzi wa kilimo cha mpunga Bahi, nanukuu, "baba amenipa eka mbili nijaribu msimu huu". Baba huyo huyo aliyefariki 2004? Alitoka kaburini kugawa mashamba?

Mtoto wa Makole
Uwiiii

Bwana Shamba Bahi
Nimeukumbuka ule uzi hata mimi nilimjibu. Alisema "baba ananisimamia vibarua". Daah. Mleta mada njoo ujibu hapa.

Mzee wa Mnada
Na mimi nimekaa hapa nampunguzia bei ya beberu mtu wa kubuni.

Fundi Bomba Ihumwa
Saa 5 zimepita kimya. Chai imepoa.

Mama Zabibu
Na mimi nilishamwombea. Kama ni uongo Mungu amsamehe. Lakini kama ni kweli na nyie mmemfukuza je?

Kijana wa Nkuhungu
Nilikuwa saiti Mtumba simu imezima. Nimesoma yote. Kibuyu Kikavu sijui nikujibu vipi bila hasira.

Baba aliyenizaa alifariki 2004 nikiwa sekondari. Baba wa Bahi ni mdogo wake, baba mdogo. Alinichukua mimi na dada yangu tangu msiba, amenisomesha VETA, ameniozesha. Nimuite nani? Tangu tukiwa wadogo hatujawahi kumuita baba mdogo, tunamuita baba. Ana miaka 58, mzima, anaendesha baiskeli kutoka shambani mpaka stendi na gunia nyuma. Hiyo dawa ya asili kama mnataka nitaje jina la muuzaji ili mmwepuke siwezi lakini huyo wa inbox simjui na sijamwandikia.

Kibuyu Kikavu
Mkuu samahani. Nimeelewa. Hata kwetu Manyoni mtoto wa baba mkubwa namuita kaka na hakuna mtu anauliza. Samahani kwa dhati.

Nesi wa Zamu
Subirini. Kibuyu umefanya kazi kuliko sisi wote humu na hujui.

Kaka Nkuhungu. Pale dispensari walikuuliza kama kuna mtu kwenye familia ana kansa, au kama wazazi wapo?

Kijana wa Nkuhungu
Waliuliza kama wazazi wapo. Nilisema mama alishafariki, ajali, na baba yuko mzima.

Daah. Sikudanganya jamani. Ndivyo ninavyosema siku zote.

Nesi wa Zamu
Najua hukudanganya. Lakini aliyekuwa anaandika alisikia kijana wa miaka 36, baba mzima, damu kidogo, akaandika bawasiri. Angesikia baba alikufa na kansa ya utumbo akiwa na 43 nadhani kalamu ingesita. Hili naliona wodini kila wiki, mtu anasema "mama" kumbe ni mama mdogo, anasema "dada" ni binti wa shangazi. Nyumbani ni upendo, kwenye faili la hospitali inabidi useme aliyenizaa, tumbo moja, wa baba mdogo. Baba wa Bahi amekulea, lakini kwa vinasaba mlichochangia ni nusu ya ulichochangia na marehemu.

Na ndio maana nauliza tena ndugu wa damu upande wa marehemu. Ulisema huna uhakika.

Kijana wa Nkuhungu
Kuna shangazi, anayemfuata marehemu, yupo Singida. Alifanyiwa upasuaji wa kizazi zamani, akachomwa mionzi Ocean Road. Lakini ile ilikuwa kansa ya kizazi sio ya utumbo, ndio maana sikuihesabu.

Maabara77
Kizazi sehemu gani? Mlango wa kizazi au mji wa mimba wenyewe juu? Mpigie simu leo hii muulize na umri aliokuwa nao.

Niwape kisa kwa nini nauliza. Mwaka 1895 kule Michigan, Marekani, mama mmoja mshonaji nguo alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba anajua atakufa na kansa ya tumbo au ya kizazi kwa sababu kwao ndivyo wanavyokufa. Na kweli akafa na kansa ya mji wa mimba, bado kijana. Warthin akaanza kuandika ukoo wake mtu kwa mtu, akachapisha 1913. Baadaye Henry Lynch akaendeleza kazi kwenye koo za namna hiyo na ndio maana unaitwa ugonjwa wa Lynch. Utumbo na mji wa mimba vinatembea pamoja humo, ni yule yule msimamizi niliyewaambia. Majina ya hizo jeni, yaani vinasaba vya huyo msimamizi, ni MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu, wa kike kwa wa kiume. Mwenye jeni mbovu, kwa baadhi ya hizo, karibu nusu yao wanapata kansa ya utumbo maishani kama hawachunguzwi. Na vile vinyama vinavyoota utumboni ambavyo kwa mtu wa kawaida vinachukua kama miaka 10 kugeuka kansa, kwao vinaweza kuchukua miaka miwili mitatu.

Sisemi unao. Nasema ukoo wako unafanana vya kutosha kwamba siku 59 zilizobaki za dawa ya kusafisha usizisubiri.

Kijana wa Nkuhungu
Nimewaelewa. Lakini nisiwafiche, kinachonishinda ni hicho kipimo. Kamera huko nyuma. Mimi mwanaume, nina mafundi wawili nawalipa mshahara, nitalala vile mbele za watu? Na nikilala pale wakasema ipo, watoto wangu wana miaka 6 na 3. Kwenye chakula angalau naona nafanya kitu kwa mikono yangu.

Bwana Shamba Bahi
Kaka nimefanya hicho kipimo 2022 na sijawahi kumwambia mtu, leo nakwambia. Kinachochosha sio kamera. Ni siku ya kabla. Unakula laini, halafu mchana unaanza kunywa dawa kwenye jagi, lita kadhaa, chumvi chumvi hivi ina ladha ya ndimu iliyochacha, glasi baada ya glasi, na baada ya saa moja wewe na choo ni majirani. Mimi nilihamisha kigoda na redio kabisa. Inaendelea mpaka kinachotoka ni maji ya njano unaweza kuona sakafu. Asubuhi hospitali wakanifunika shuka lina tundu, upande wa kushoto magoti kifuani, wakanichoma sindano ya usingizi mwepesi. Nakumbuka nesi anauliza msimu wa mpunga ulikuwaje, nikaanza kumjibu, nikashtuka nimeshatolewa nje. Mimi niliambiwa ni bawasiri kweli. Nililia kwenye bodaboda njia nzima.

Mtumishi Asiyechoka
Kijana, nisamehe kwa maneno yangu ya mwanzo. Nenda. Jina lako nitaliweka kwenye maombi ya Jumatano.

Nesi wa Zamu
Hospitali kubwa za rufaa za hapa mjini ndio pa kuanzia, uliza kitengo cha endoskopia, ndio wenye hiyo kamera, ulizia na bima yako inabeba nini. Waambie wapime na wingi wa damu. Hiyo dawa ya asili acha leo, na mwambie daktari ulikuwa unakunywa. Kuna watu mtasoma mahali kwamba aspirini inasaidia wenye Lynch, ni kweli ulifanyika utafiti, lakini usijinunulie, wewe unatoa damu.

Chakula endelea nacho kaka, umefanya vizuri sana kuacha soseji na soda. Endelea ukiwa umepimwa.

Na mwambie mkeo usiku huu.

Kijana wa Nkuhungu
Nimempigia shangazi. Mji wa mimba. Alikuwa na miaka 47. Akaniambia na bibi yao, mama wa babu, alikufa "tumbo limejaa" wakasema amerogwa, wakahama kijiji.

Mke nimemwambia. Hakusema kitu, aliinuka akachukua zile chupa akamwagia nje kwenye mchanga.

Kijana wa Nkuhungu
Wakuu narudisha mrejesho, wiki tatu na siku mbili tangu uzi huu. Kamera nimefanya Jumatano iliyopita. Bwana Shamba ulisema kweli kuhusu jagi, ila mimi sikuhamisha redio.

Bawasiri ipo kweli. Na juu zaidi, upande wa kulia, wamekuta vinyama viwili, kimoja kidogo, kingine kama sentimita mbili. Wameviondoa vyote pale pale. Nilionyeshwa picha, kile kikubwa kimekaa kama uyoga mwekundu una kikonyo. Majibu ya maabara yametoka jana. Haijawa kansa. Daktari alisema seli zilikuwa zimeshaanza kubadilika na kwamba nisingekuja mwaka huu asingependa kukisia. Wingi wa damu yangu ulikuwa 9.8, chini ya kawaida, nimepewa vidonge vya madini ya chuma. Nimemwandikia ukoo wote kwenye karatasi, aliyezaa nani na nani alikufa na nini, karatasi hiyo ameiweka kwenye faili, na nitarudia kamera baada ya mwaka mmoja.

Baba, wa Bahi, nilimweleza Jumapili ana kwa ana. Alinyamaza muda mrefu akaniuliza, "Kwahiyo na mimi nikapime?" Nikamwambia daktari amesema na yeye pia, kaka yake na dada yake wote wameugua.

Mama Zabibu
Mungu ni mwema mwanangu, nimepiga vigelegele peke yangu jikoni. Na dada yako je, yule mliyelelewa naye?

Kijana wa Nkuhungu
Yupo Kondoa, ana miaka 33. Amekubali kuja Alhamisi, alitaka nauli na mtu wa kumwachia mtoto. Nauli nimeshatuma, mtoto atakaa kwetu na hawa wangu.